Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa klabu yangu: matibabu si mshahara

Ndugu Mwenyekiti,

Shikamoo. Nimekupigia simu tangu Machi, naambiwa uko kikaoni. Naona kikao bado hakijaisha, ndiyo maana naandika mbele ya watu. Jina la klabu silitaji, wewe unalijua.

Juzi mhasibu kanitumia karatasi ya mshahara kwa WhatsApp. Mstari wa kwanza mshahara. Wa pili: "Makato, upasuaji wa goti." Wa mwisho sifuri. Nilikuza picha nikidhani tarakimu nyingine zimejificha pembeni. Hakuna. Goti hili sikuliumiza kwenye ndondo ya mtaani, Mwenyekiti. Mshipa ulikatika dakika ya 63 nikiwa na jezi yako, nawe ukashuka jukwaani mpaka vyumba vya kubadilishia, ukanishika bega: "Kijana, wewe ni wetu, usiwaze." Basi huu ni mwezi wa saba siwazi.

Nilipolalamika, katibu akanijibu kwamba hata Marekani fedha za majeruhi zinahesabiwa kwenye ukomo wa mishahara ya timu, yaani kiwango cha juu ambacho timu inaruhusiwa kutumia kwa mishahara. Nikashukuru kwa elimu, nikaenda kusoma. Ni kweli, kule NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, mshahara wa aliye kwenye orodha ya majeruhi unabaki ndani ya ukomo. Lakini unahesabiwa kwa sababu analipwa! Hesabu ile inaibana timu kwenye usajili, haiingii mfukoni mwa mchezaji. NHL, wale wa magongo ya barafuni, timu inaweza hata kuruhusiwa kuvuka ukomo kama majeruhi atakosa angalau mechi 10 na siku 24. Na Chris Bosh, mchezaji wa kikapu aliyezuiwa kucheza na maradhi ya damu kuganda, mwaka 2017 mshahara wake ulitolewa kwenye hesabu ya ukomo ya timu yake, Miami Heat, mwenyewe akaendelea kulipwa. Kote huko sijaona mchezaji anauziwa upasuaji wake. Sisi ukomo wenyewe hatuna, tumeokota adhabu tu.

Nadhani najua ilikotoka. Dirisha dogo la usajili mlileta mshambuliaji mpya, fungu la mishahara likawa halitoshi, mkatazama nani hana sauti. Labda nakosea. Nikosoe basi, maana hata kukosolewa ni kujibiwa.

Huku Mbagala barafu ya kukandia goti nainunua kwa mama jirani, zile za vifuko anazouzia watoto, nafunga kwa kanga ya mke wangu. Daladala konda ananipigia kelele, "sogea nyuma, sogea", na magongo yangu anayaona. Mwenye nyumba yeye kodi yake haina dirisha dogo.

Tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, na mfuko wake, WCF. Mchango anatoa mwajiri. Mkataba wangu umeandikwa "mwajiri" na "mwajiriwa" kila ukurasa. Ajali yangu mliipeleka huko? Nimeuliza mara tatu.

Sidai ada ya usajili iliyobaki, wala zile posho mlizoahidi tukishinda, na tukashinda. Futeni mstari wa pili. Matibabu si mshahara. Futeni ule mstari tu, Mwenyekiti. Jumatatu nina kliniki, na pale dirishani hawapokei "wewe ni wetu".

Mchezaji wako,
jezi namba 14 (nasikia mmeshampa mwingine),
Mbagala, Dar es Salaam