Kabla hujaniambia tena kusampo ni wizi

Rafiki yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, sijui wewe. Barua yako nimeipata, ila hayo uliyoandika, kwamba kusampo, yaani kunasa kipande cha sauti na kukitumia kutengeneza muziki mpya, ni kazi ya mvivu anayedokoa nyimbo za wenzake, nimeyakataa. Ndiyo maana nakutumia albamu ya nne ya Peter Gabriel, yule mwanamuziki wa Uingereza, ya mwaka 1982. Usisumbuke kutafuta jina kwenye jalada. Albamu zake nne za kwanza zote aliziita kwa jina lake mwenyewe, ingawa hii ilibandikwa Security kule Marekani.

Huyu bwana hakumdokolea mtu. Alishika kinasa sauti akaingia kwenye jaa la vyuma chakavu, akavunja vioo vya televisheni, akapuliza mabomba. Sauti hizo akazitia kwenye Fairlight, kompyuta ya muziki iliyoundwa Australia, na humo bomba linapigika kwenye kinanda kama noti yoyote. Kwa macho ya leo mashine yenyewe ni kichekesho: biti 8, na kumbukumbu ya kilobaiti 16 tu kwa kila sauti. Inabeba kipande kifupi mno, tena chenye mikwaruzo. Kwangu mimi utamu uko hapohapo. Ukiishusha sauti, inavutika na kuwa nzito. Ukiipandisha, inakatika mapema na kuwa kali. Bomba si bomba tena, wala halijawa filimbi.

Vaa hedifoni uanze na San Jacinto. Vile vinoti vya mfano wa marimba vinazunguka na kupishana hadi hujui kipi kilitangulia. Shock the Monkey ndiyo iliyovuma, utaipenda bila msaada wangu.

Halafu The Rhythm of the Heat. Mwishoni zinaingia ngoma za Ekome, kikundi cha Bristol kilichokuwa kikipiga ngoma za Ghana. Hizo ni ngoma za mikono ya watu, na najua utanirukia: "Unaona sasa!" Haya, nirukie. Ila rudia wimbo toka mwanzo, uniambie kama ngoma zile zingekushtua vile bila ule mngurumo wa mashine uliozitangulia.

Kuna na toleo la albamu hii aliloimba kwa Kijerumani. Nalitafuta bado.

Wasalimie wote nyumbani, na usichelewe kujibu.

Wako,
Salim