Zamu ya nyumba yetu ilirukwa: je, nikubali kuendelea kuwa mzee wa kanisa?

Mheshimiwa Mchungaji,

Bwana Yesu asifiwe.

Ninakuandikia kutoka kijiji kimoja cha Wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa. Mimi ni mgane wa miaka 63, niliyefanya kazi ya kupasua mbao za misindano ya Sao Hill kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sasa ninalima mahindi na viazi. Nimekuwa mzee wa kanisa katika mtaa wetu, yaani tawi la usharika hapa kijijini, kwa vipindi viwili, na mwezi uliopita nimechaguliwa tena kwa kipindi kingine cha miaka minne. Sijatoa jibu la wazi kama nimekubali, na hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Mtaa wetu hauna kengele ya kununuliwa. Tuna rimu la lori lililotundikwa kwenye mkaratusi kando ya kanisa, nami ndiye ninayeligonga kwa kipande cha nondo kila Jumapili, mara ya kwanza saa moja na nusu na mara ya pili saa mbili na nusu. Asubuhi za Juni nondo ile huwa ya baridi kiasi cha kuuma kiganja, na ukungu huwa mzito hata nisiuone mlango wa kanisa nilioufungua mwenyewe dakika chache kabla. Tangu mke wangu afariki, Februari ya mwaka jana, nimekosa kuligonga Jumapili moja tu, ile iliyofuata maziko yake. Kwa sababu hiyo mwinjilisti wetu amenitaja mara mbili katika mahubiri kuwa mfano wa kudumu katika imani, na kila aliponitaja niliangalia chini, kwa kuwa nilijua kwamba wanachokisifu sicho kilichomo moyoni.

Mke wangu aliugua saratani ya shingo ya kizazi. Tulimpeleka Dar es Salaam mara mbili kwa ajili ya mionzi, kisha mwezi Julai tukarudi naye nyumbani, akalala kitandani miezi saba. Jumuiya yetu ina nyumba 11 na hukutana kila Alhamisi saa kumi jioni kwa zamu, hivyo kila nyumba hufikiwa baada ya majuma 11. Zamu yetu ya Julai walikuja wote, wakaomba, wakaimba, wakaacha mchele na sukari, na Mungu ni shahidi kwamba siku ile nilishukuru.

Zamu iliyofuata iliangukia mwishoni mwa Septemba. Mke wangu aliikumbuka kuliko mimi. Tangu asubuhi aliniagiza nifagie uwanja, nitoe mabenchi mawili na mkeka, nichemshe viazi vitamu na kujaza chupa mbili za chai. Yeye mwenyewe aliomba avalishwe kitenge chake cha umoja wa wanawake, ambacho wakati huo kilimzunguka karibu mara mbili, akaegemezwa kwenye mito akiielekea njia. Saa kumi ilipita, na saa kumi na moja ikapita. Kisha tukasikia wimbo ukitokea kwenye nyumba ya bondeni, kwa maana upepo wa jioni ulikuwa unavuma kutoka huko. Aliutambua, akauimba nao ubeti mmoja kwa sauti ya chini, halafu akaniuliza, “Baba, kwani leo si kwetu?” Nilimjibu kwamba nilikosea kuhesabu. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake katika ugonjwa wote ule, nami niliusema ili kuwafunika wao. Chai ile tuliinywa hadi kesho yake.

Zamu ya katikati ya Desemba ilirukwa vilevile, na safari hiyo mke wangu hakuuliza. Zamu ya mwishoni mwa Februari ilifika akiwa ameshazikwa. Siku hiyo walikuja watu wa nyumba zote na wageni juu yake.

Nilipomuuliza katibu wa jumuiya, alinijibu kwa upole kwamba waliona wasimsumbue mgonjwa. Sina sababu ya kudhani kwamba alidanganya. Ni mtu mwema, ndiye aliyesimamia uchimbaji wa kaburi katika mvua, na ndiye huyo huyo aliyelipendekeza jina langu katika uchaguzi huu. Labda ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mtu mbaya.

Tangu wakati huo, Mchungaji, ninahudhuria, ninahesabu sadaka, ninagawa bahasha za ahadi, ninasimamia mnada wa mayai na ndizi baada ya ibada, lakini ndani nimekauka. Ninapoongoza Sala ya Bwana, tukifika mahali pa kuomba tusamehewe kama nasi tunavyowasamehe waliotukosea, mimi hunyamaza, waumini wakaendelea wenyewe, kisha nikajiunga nao kwenye maneno yanayofuata. Nilidhani hakuna anayetambua, mpaka bibi mmoja wa kwaya aliponiuliza kama kifua kinanisumbua.

Mwinjilisti hulirudia sana neno la Waebrania 10:25, la kutoacha kukusanyika pamoja, na hulisindikiza kwa habari za wamisionari wa Berlin waliofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, wakaenea hadi Ubena na Uhehe, kisha wakaondolewa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ibada zikabaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji. Habari hizo nilizisikia pia kwa babu yangu, ila yeye alipowasifu wazee wale hakuanza na kanisa. Alianza na miguu yao, jinsi walivyokwenda kaya kwa kaya. Nami nilipoufungua mstari ule nyumbani usiku, nikausoma na ule wa 24 unaoutangulia, nilikuta kwamba unatutaka kwanza tuangaliane sisi kwa sisi. Tumezoea kuusoma wa 25 na kuuruka wa 24, kama mlango wangu ulivyorukwa.

Ningeishia hapo, ungeniona mtu aliyekosewa tu. Lakini lipo jambo ambalo sijamwambia yeyote. Miaka kama tisa iliyopita, nikiwa mimi ndiye katibu wa jumuiya hiyo hiyo, palikuwa na mzee mmoja aliyepooza upande mmoja, asiyeweza kusema vizuri, anayetokwa na mate alipojaribu kuimba. Niliiruka nyumba yake karibu mwaka mzima. Sababu niliyoiandika kwenye daftari ilikuwa “mgonjwa apumzike.” Maneno hayo bado yapo, kwa mwandiko wangu, niliyakuta mwaka huu nilipokuwa natafuta tarehe za zamu zetu ili niwe na ushahidi dhidi ya wenzangu. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunaona vibaya kukaa mbele yake. Binti yake bado yumo katika jumuiya, ni yule wa nyumba ya bondeni ambako wimbo ulitokea jioni ile, na kila Jumapili huleta kuku au mayai ya mnada, akanisalimu “Kamwene” kwa heshima zote. Hajawahi kunilalamikia. Sijui kama alikuwa na siku yake ya kufagia uwanja na kungoja.

Kijana wangu aliyeko Mbeya, ambaye anauza vipuri vya pikipiki, ananihimiza nihamie kwake na kusali pamoja naye mjini. Anasema huku kwetu tunasali kwa mazoea. Sitaki kubishana naye, maana kwa upande wangu amesema kweli, ingawa sidhani kwamba mazoea yangu yatapona kwa kupanda basi.

Ninachoshindwa kukipambanua ni hiki: mtu anayeendelea na utumishi hali moyo wake umefungwa, je, huyo anavumilia katika imani au anawadanganya watu na Mungu? Nikikataa uzee wa kanisa, watasema nimekata tamaa kwa ajili ya msiba, na vijana wawili ambao nimewafundisha kwa ajili ya kipaimara nadhani watatikisika. Nikikubali, nitasimama mbele ya madhabahu na kuahidi kuwatembelea wagonjwa pamoja na watu ambao hawakumtembelea mgonjwa wangu, nikiwa mimi mwenyewe sikumtembelea wa mwenzangu. Tena sijui kama ni haki kuwaeleza wanajumuiya uchungu wangu sasa, wakati wameshaonyesha upendo mwingi katika maziko, au kama kunyamaza kwangu ndiko kunakokifanya kidonda hiki kisifunge.

Ibada ya kutuingiza kazini imepangwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, na kwa hesabu yangu zamu ya nyumba yangu itaangukia Alhamisi inayoitangulia. Mabenchi nitayatoa. Ninaomba unishauri kabla ya siku hiyo kama niyaseme haya mbele yao wote, daftari likiwa mkononi, au nishuke kwanza bondeni peke yangu kwa binti wa yule mzee.

Ninaomba jina langu na la mtaa wetu yahifadhiwe.

Wako katika Kristo,
Mzee wa kanisa, Mufindi