Tangazo la damu lisiishie kwenye "sambaza"

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Nafanya kazi kwenye steshenari moja hapa Mwenge, na sehemu kubwa ya siku yangu ni kutengeneza matangazo ambayo wateja wanayarusha WhatsApp, Facebook na Instagram. Ya biashara hayanisumbui. Muuza viatu anajua anachotaka: anaweka bei, anaelekeza duka lilipo, anaandika namba ya kuagizia. Yanayoniuma ni matangazo ya watu wenye shida, la mgonjwa anayehitaji damu au la mtoto aliyepotea, kwa sababu hayo ndiyo yanaandikwa ovyo kuliko yote.

Chukua la damu. "DAMU INAHITAJIKA HARAKA!!! Tafadhali sambaza ujumbe huu, Mungu atakubariki." Hospitali gani? Mwisho lini? Msomaji yumo ndani ya mwendokasi, amesimama, mkono mmoja kashika bomba, mwingine kashika simu. Huruma anayo na damu anayo. Ameombwa kusambaza, basi anasambaza, anashuka Magomeni na kuendelea na shughuli zake. Ujumbe unazunguka jiji zima, na pale benki ya damu hajafika mtu.

Mteja akinikubalia, namwandikia hivi: "Mgonjwa wetu anahitaji chupa tatu za damu kabla ya Alhamisi jioni. Kama una miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, njoo benki ya damu kesho kuanzia saa 2 asubuhi." Linafuata jina la hospitali, wodi, na namba za ndugu wawili, maana simu moja huzima chaji. Namsihi pia aulize hospitali kwanza kama wanapokea kundi lolote la damu kwa ajili ya kufidia ile atakayopewa mgonjwa. Mara nyingi wanapokea, na hilo liandikwe wazi, kwani wengi wanabaki nyumbani kwa kuwa hawajui kundi lao. Mwanamume aliyechangia ndani ya miezi 3 iliyopita, au mwanamke ndani ya miezi 4, asubiri. Akiambiwa mapema hatapoteza nauli.

Picha ya mgonjwa mwenye mipira puani siiweki. Haimwongezei mchangiaji hata mmoja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti.

Jambo jingine ni namba ya simu kuandikwa ndani ya picha peke yake. WhatsApp, namba iliyo kwenye maandishi ukiigusa unapiga papo hapo. Iliyo ndani ya picha, mtu atafute kalamu, au aikariri tarakimu kumi huku konda anadai nauli. Wengi wanaachia hapo. Iandikwe kotekote, kwenye picha na chini yake.

Na ile "tuma kwa watu 20" haina tija hata kwa mitandao yenyewe. Tangu Aprili 2020, ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi WhatsApp unaruhusiwa kwenda sehemu moja tu kwa wakati mmoja. Facebook nao walitangaza Desemba 2017 kuwa watayashusha machapisho yanayoombaomba laiki na kusambazwa. Ombi moja, lenye mahali na muda, litumwe kwenye kundi la mtaa, la msikiti, la kwaya, la wanafunzi mliosoma pamoja. Huko kuna watu wanaokufahamu na wanaoweza kuamka asubuhi wakaja.

Ndugu mhariri, kurasa zenu mitandaoni zina wafuasi wengi, na familia zinawategemea. Nawaomba, kabla hamjarusha tangazo la damu au la mtoto aliyepotea, mpige namba iliyomo. Lisilo na tarehe wala mahali, lirudisheni kwa mwenyewe alikamilishe. Na mtoto akipatikana, msilifute. Andikeni juu yake AMEPATIKANA, pamoja na tarehe, kwa sababu nakala za tangazo la kwanza bado zinatembea kwenye simu za watu, na mama yake bado anapigiwa usiku wa manane.

Mtengeneza matangazo,
Mwenge, Dar es Salaam