Sura nzuri juu ya habari isiyomhusu

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo naona limezidi. Hivi habari yenu ya riba za mikopo inamhusu nini yule mdada mliyemweka kwenye picha yake, aliyeshika simu huku anacheka meno yote nje? Nimeisoma mpaka mwisho, hatajwi, hajakopa, hajahojiwa, hata jina halipo chini ya picha, yaani kawekwa pale kwa sababu ni mzuri basi.

Najua mnachofanya na wala sio siri. Jicho la binadamu linakimbilia uso kabla ya kitu kingine, hata kichanga wa siku chache anafuata kwa macho mchoro unaofanana na uso kuliko michoro mingine, sasa kwenye simu ambapo mtu anaskroli kama anafukuzwa, uso ndo unamsimamisha. Tatizo ni kwamba ukishamsimamisha hauishii hapo. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, aliangalia maafisa wa jeshi walivyokuwa wanawapa alama askari wao, akakuta askari anayeonekana vizuri kimwili anapandishwa mpaka kwenye akili, uongozi na tabia. Mwaka 1972 Karen Dion na wenzake wakawapa watu picha tu, na wenye sura nzuri wakadhaniwa wana tabia nzuri na maisha mazuri yanawasubiri. Picha tu jamani! Ndo maana anayeuza kidonge cha kupunguza unene au kozi ya utajiri wa haraka hahangaiki na maelezo, anatafuta modo mwenye ngozi nyororo, na sisi tunaichukua ile ngozi kama ushahidi.

Halafu kuna kitu watu wa matangazo wenyewe wanakijua vizuri, sura inaweza kulimeza tangazo. Wamepima kwa vifaa vinavyofuatilia macho: modo akikukodolea wewe, na wewe unamkodolea yeye, akigeuza macho kuangalia bidhaa au maandishi, na wewe unageuka naye. Ndo maana wanaojua kazi yao wanamgeuza modo aangalie chupa. Sasa nyie picha zenu karibu zote mtu ananitazama mimi moja kwa moja, kwa hiyo hata kwa hesabu zenu wenyewe za kutafuta klik mnaipoteza habari, watu wanakuja wanaangalia wanaondoka, kwenye maoni huko chini wanauliza namba ya simu ya dada, riba hakuna anayeizungumzia.

Na huyo mwenye sura naye tumfikirie. Wengi ni picha za kununua, mtu alipigwa studio akasaini karatasi akalipwa akaondoka, kesho anajikuta juu ya habari ya talaka, keshokutwa juu ya habari ya magonjwa ya zinaa. Ndugu zake wanasema nini?

Siku hizi hata huyo wa studio hahitajiki. Kampuni ya Nvidia ilitoa StyleGAN, programu ya kutengeneza sura za watu ambao hawajawahi kuzaliwa, na mwaka 2019 ikatokea tovuti ambayo kila ukiifungua upya inakupa sura mpya. Mwanzoni ulikuwa unaweza kuzikamata, hereni za kulia na kushoto hazifanani, mkono wa miwani unapotelea kwenye nywele. Sasa hivi huzikamati kwa macho, na matapeli wanajua hivyo, profaili ya mshauri wa uwekezaji mwenye tabasamu zuri inatengenezwa fasta.

Sisemi msiweke watu, gazeti bila watu linachosha. Ila semeni ukweli chini ya picha. Ufaransa tangu Oktoba 2017 tangazo lenye modo aliyepunguzwa au kuongezwa mwili kwa kompyuta lazima liandikwe kwamba picha imehaririwa, na Norwe tangu Julai 2022 hata influensa anayelipwa akibadilisha umbo au ngozi kwenye picha ya tangazo anatakiwa aweke alama. Hizo ni sheria za matangazo, ila nyie ni chombo cha habari, mngetakiwa muwe mbele ya wauza krimu sio nyuma yao. Andikeni tu: huyu ni fulani, au hii ni picha ya kununua, au hii imetengenezwa na akili bandia. Maneno matatu manne hayajazi ukurasa. Na habari ikiwa ya riba, mtafuteni aliyekopa, hata kama hajachana nywele, mkimkosa wekeni chati ya riba zenyewe.

Msomaji wenu wa kila siku