Viza ya kutembea miezi sita: Le Puy, Santiago na Pyrenees

Rafiki yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Umeuliza kama viza ya kawaida ya Schengen itakutosha kutembea kutoka Le Puy-en-Velay, Ufaransa, hadi mji wa hija wa Santiago de Compostela, Hispania, kisha urudi ukate milima ya Pyrenees kwa GR10, ile njia ndefu ya miguu ya upande wa Ufaransa. Haitatosha. Inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, na nchi zote za Schengen huhesabiwa kama nchi moja. Ukivuka kuingia Hispania, hesabu inaendelea palepale. Na hata ukitoka nje ya Schengen wiki mbili ukarudi, hauanzi upya. Wewe una kilomita kama 750 hadi Saint-Jean-Pied-de-Port, mji wa Ufaransa karibu na mpaka wa Hispania, nyingine karibu 780 hadi Santiago, halafu GR10 ina takriban 900. Kwa kilomita 20 kwa siku, pamoja na siku za mapumziko, hiyo ni miezi mitano na ushee.

Omba viza ya muda mrefu ya Ufaransa, aina D, kundi la "visiteur", yaani mgeni asiyefanya kazi. Kwa safari yako inafaa ile ya muda maalumu, VLS-T. Haiongezwi muda, lakini ukishafika huna kazi nyingine ya kuisajili. Ile nyingine, VLS-TS, inayohesabika pia kama kibali cha kuishi, lazima uithibitishe mtandaoni na kulipa kodi yake ndani ya miezi mitatu tangu kuingia. Asiyefanya hivyo anahesabika yupo bila kibali. Ili upewe VLS-T, andika waziwazi kwenye barua ya maelezo kwamba utarudi nyumbani muda ukiisha na huombi kuongezewa.

Fomu unajaza kwenye tovuti ya France-Visas, si mapema zaidi ya miezi mitatu kabla ya kuondoka, kisha unakwenda kwenye miadi na kutoa alama za vidole. Ada ni euro 99 na hairudishwi. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya viza kuisha.

Panapokwamisha watembeaji wengi ni makazi. Ubalozi unataka anwani, nawe kila usiku utalala kijiji kingine. Orodha ndefu ya nyumba za wageni za njiani, tena zinazoweza kufutwa wakati wowote, haimshawishi ofisa. Tafuta anwani moja ya kudumu: mkataba wa kupanga chumba, au mwenyeji akuandikie attestation d'hébergement, yaani barua ya kuthibitisha kwamba anakupa malazi, na kuambatanisha nakala ya kitambulisho chake na bili ya nyumba. Ratiba ya njia iambatane na anwani hiyo, isichukue nafasi yake.

Fedha hupimwa kwa kima cha chini cha mshahara wa Ufaransa, kidogo zaidi ya euro 1,400 kwa mwezi, kwa hiyo kwa miezi sita jiandae na kama 8,600. Usikusanye michango ukaiingiza benki wiki moja kabla ya miadi. Fedha ya ghafla isiyo na maelezo huzua shaka kuliko salio dogo linaloeleweka. Ongeza na ahadi iliyosainiwa kwamba hutafanya kazi Ufaransa.

Bima ifunike muda wote, matibabu na kurudishwa nyumbani. Soma kifungu cha milima kwa makini sana, nakusihi. Baadhi ya bima huweka kikomo cha mwinuko, na Hourquette d'Ossoue kwenye GR10 iko mita 2,734.

Ukiwa na viza D, siku za Ufaransa haziingii katika zile 90. Za Hispania zinaingia. Hadi Santiago utatumia kama 40, kwa hiyo una nafasi. Mpakani kati ya Ufaransa na Hispania hakuna muhuri wa pasipoti, basi tunza risiti za malazi. Kile kitabu cha mihuri ya mahujaji kinaonyesha ulikopita, ila si hati ya kusafiria. Ufaransa ilirejesha ukaguzi wa mipaka ya ndani mwaka 2015, kwa hiyo kwenye treni ya kurudi Hendaye, mji wa mpakani wa Ufaransa inapoanzia GR10, uwe na pasipoti yenyewe mkononi, si nakala.

Anza Le Puy katikati ya Aprili. Njia ya juu ya kuvuka milima kutoka Saint-Jean kwenda Roncesvalles, upande wa Hispania, hufungwa kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi, na GR10 utaikuta Julai theluji ikiwa imepungua sana.

Wakikunyima, una siku 30 za kukata rufaa kwenye tume ya rufaa za viza iliyoko Nantes, Ufaransa. Nitumie rasimu ya barua ya maelezo kabla hujaweka miadi, nikuangalizie tarehe kama zinalingana na bima na mkataba wa chumba.

Wako,
Zuhura