Nimesoma mawe, nataka benki

Nzuguni, Dodoma

Mpendwa Zaituni,

Mbukwa! Huku hatujambo. Mama anakusalimu, vumbi ni lile lile, zabibu zimeiva na wewe haupo kuzila. Nisamehe kwa kimya. Haya ya leo hayasemeki kwenye simu.

Wiki iliyopita maombi yangu ya fildi yamekataliwa, kule kitengo cha uwekezaji cha benki moja ya Dar. Sababu ni mstari mmoja: mwombaji awe na shahada ya biashara, fedha au uhasibu. Mstari mmoja, Zaituni, umeifuta jiolojia yangu yote ya UDOM!

Kinachoniuma ni kwamba kazi yenyewe naielewa. Mtu akitaka kununua mgodi, thamani yake inatoka wapi kama si kwenye tani za mbale, yale mawe yenye madini, na gramu za dhahabu kwa kila tani? Barrick ilipochukua hisa zilizobaki za kampuni ya migodi ya Acacia mwaka 2019, ilibidi watu wakae wahesabu migodi ya North Mara na Bulyanhulu ina dhahabu ya miaka mingapi, kisha fedha za miaka hiyo wazipunguze hadi thamani ya leo. Nusu ya kwanza ndiyo niliyosomea. Nusu ya pili najifundisha usiku, kwa bando la kuungaunga.

Nilianza na Vodacom ilipouza hisa kwa umma mwaka 2017: hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja, jumla bilioni 476. Sasa niko kwenye ripoti za mwaka za kampuni za soko la hisa. Mizania, ile ya mali na madeni, nimeimudu. Mtiririko wa fedha ndio ulionitesa: faida ipo, fedha haipo! Siku nilipoelewa kwa nini uchakavu wa mitambo unajumlishwa tena kwenye faida, nilimwamsha mdogo wangu saa saba usiku nimweleze.

Baba anasema aliyesoma mawe abaki kwenye mawe. Mjomba wa Kizota naye kaongeza lake, unamjua. Lakini CFA, kile cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, haiulizi ulisomea nini, inataka tu uwe na shahada au uwe unakaribia kuimaliza. Mitihani ni mitatu, ada ni kwa dola, hapo ndipo pumzi inapokata. Nawaza kwanza ile kozi ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, ya watu wa masoko hayo. 

Narudi kwenye ule mstari, maana hauniachi. Yule kaka tuliyekaa naye meza moja kwenye sendofu ya Rehema si alisema alisoma uhandisi Mlimani, na leo yuko kwa madalali wa hisa? Yeye alipitaje? Hilo ndilo ninalokuomba, shoga yangu: niunganishe naye. Sitaki anitafutie kazi. Nataka aipitie hesabu yangu ya mgodi niliyoifanya kwenye Excel aniambie nilipokosea, bila kunionea haya.

Unayo namba yake bado? Nimwandikie mwenyewe, au utangulie wewe? Nikija na SGR mwezi ujao, nitalala kwako? Goti la mama yako linaendeleaje? Na wewe ulipohamia idara ya mikopo, walikuuliza shahada yako au walikuuliza unachokijua? Nijibu kabla ya Jumatano, kuna dirisha jingine la maombi linafungwa Ijumaa.

Wako,
Mariamu