Ukoo wa Kroatia: tupe kijiji kwanza, jina litafuata

Ujumbe tunaoupokea mara nyingi huwa mfupi: "Baba mkwe anaitwa hivi, wazee wake walitoka Kroatia, naomba mnitafutie ukoo wao." Anayeandika huwa dada au kaka yetu aliyeolewa au kuoa Pennsylvania, Ontario au Ujerumani, na watoto wake wanabeba jina linaloishia na -ich. Watoto hao upande wa Kigoma au Mombasa wanaujua hadi kwa mababu wa mbali, kwa sababu bibi yupo na anasimulia. Upande wa pili kuna jina tu, na pengine picha moja ya mzee mwenye masharubu. Tunafurahi sana tukipata maombi ya namna hii, maana mtoto ana haki ya kuzijua pande zote mbili. Lakini kwa jina peke yake hatupokei malipo. Leo tunaeleza sababu, pamoja na mambo unayoweza kuyafanya mwenyewe nyumbani bila kutoa hata senti.

Tuanze na jina. Jina la ukoo linaloongoza kwa wingi Kroatia ni Horvat, na nyuma yake yako mengine yaliyozagaa kama Kovačević, Babić, Marić na Jurić. Wenye majina haya wametapakaa nchi nzima, na wengi wao hawana undugu wowote. Kovač ni mhunzi, na karibu kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, kwa hiyo akina Kovačević walichipuka sehemu nyingi bila kujuana. Kumtafuta Horvat bila kijiji ni sawa na kushuka Kariakoo ukauliza kwa kina Juma ni wapi.

Halafu huenda jina mnalolitumia leo silo lililoandikwa kwenye daftari la ubatizo. Herufi č, ć, š, ž na đ hazikuwepo kwenye mashine za chapa za Marekani, hivyo -ić ikawa -ich au -ic. Herufi J, ambayo Wakroatia huisoma kama Y yetu, ikageuka kuwa Y kwelikweli, Jurić akawa Yurich. Jina kama Prpić, ambalo R ndiyo inayobeba silabi ya kwanza bila irabu, lilichomekewa E ili Wamarekani waweze kulitamka: Rudy Perpich, aliyekuwa gavana wa Minnesota, alitoka kwa akina Prpić. Mwangalie Gabriel Boric, aliyeingia madarakani kama rais wa Chile mwaka 2022, kisha mwangalie mwigizaji John Malkovich. Mwisho wa majina yao ni uleule. Mmoja alipoteza alama juu ya herufi, mwingine akaongezewa H. Wapo pia waliokata jina kabisa, kama mwigizaji wa Australia Eric Bana, ambaye jina la familia yake ni Banadinović, au Roger Maris wa besiboli aliyezaliwa Maras.

Ila usidhani kila -ich ni kazi ya Marekani. Dalmatia, yaani ukanda wa pwani wa Kroatia, ilikuwa chini ya Venice hadi 1797, na maparoko wa huko waliandika kwa tahajia ya Kiitalia hata baada ya Venice kuanguka. Ukikuta -ich kwenye daftari la ubatizo la mwaka 1780, hapo hakuna kosa lolote. Nyaraka zilizopita kwenye mikono ya Wahungaria nazo zina -ics. Ndiyo maana tukianza kutafuta huwa tunaandika sura zote za jina kwenye karatasi moja, kisha tunazitafuta zote.

Familia nyingi husimulia kwamba jina lilibadilishwa na karani wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji pale New York. Tumeisikia hadithi hii mara nyingi, na haiko sahihi. Kituo kile kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, na makarani wake walifanya kazi wakiwa na orodha ya abiria iliyokwisha kujazwa na kampuni ya meli huko walikopandia. Wao walihakiki tu. Mabadiliko mengi yalikuja baadaye, kiwandani, shuleni, benki, au mwenyewe alipoamua kujirahisishia maisha. Kwa mtafutaji hii ni habari njema, kwa sababu jina lililoandikwa melini mara nyingi liko karibu zaidi na la asili kuliko lile la kwenye kaburi.

Sasa tuje kwenye jambo linalowavunja moyo wateja wengi: karatasi zinasema "Austria". Mtu anafungua sensa ya Marekani ya 1910, anakuta babu wa mume wake ameandikwa Mwaustria, anatupigia akiwa amekata tamaa kwamba familia ilijidanganya kuhusu Kroatia. Haikujidanganya. Hadi 1918 Kroatia ilikuwa ndani ya dola ya Austria na Hungaria, tena imegawanywa: Dalmatia na Istria zilitawaliwa kutoka Vienna, na Kroatia-Slavonia ikawekwa upande wa Hungaria kwa makubaliano ya 1868. Mtu wa kisiwa cha Brač akaandikwa Austria, mwenzake wa Zagreb akaandikwa Hungaria, na wote wawili nyumbani walizungumza Kikroatia. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia sensa ya 1920 inaanza kuonyesha Yugoslavia. Istria na mji wa Zadar zilikwenda Italia kwa mkataba wa Rapallo wa 1920, kwa hiyo ndugu wawili waliozaliwa nyumba moja wanaweza kuwa na nchi tofauti kwenye vyeti vyao. Usilitupe neno "Austria". Linakuambia uelekeze macho pwani kabla ya bara.

Na pwani yenyewe ina simulizi yake. Mwishoni mwa karne ya 19 mashamba ya mizabibu ya Dalmatia yalivamiwa na filoksera, mdudu anayeshambulia mizizi hadi mzabibu unakauka, wakati huohuo mvinyo wa bei rahisi kutoka Italia ukiwa umefunguliwa soko. Watu walioishi kwa zabibu peke yake wakabaki mikono mitupu, wakaondoka. Hawakuondoka ovyo. Mmoja alitangulia, akaandika barua, akafuata mdogo wake, binamu, jirani, mpaka nusu ya kijiji ikajikuta mtaa mmoja ng'ambo ya bahari. Watu wa Brač walikwenda kwa wingi Chile, Antofagasta na Punta Arenas. Wavuvi wa Komiža, kisiwani Vis, walikwenda San Pedro, California, wakaendelea na uvuvi uleule. Wa maeneo ya Makarska walifika New Zealand kuchimba utomvu mkavu wa mti wa kauri. Kutoka bara walikwenda kwenye viwanda vya chuma vya Pittsburgh na migodi ya shaba ya Calumet, Michigan. Kwa hiyo tukikuuliza babu alishukia mji gani na alifanya kazi gani, hatupigi soga. Mji alioishi unaweza kutupa kisiwa alikotoka, hata kabla hatujaona karatasi yoyote.

Kijiji chenyewe tunakipata wapi? Mara nyingi kiko Marekani au Kanada kwenye sanduku la mtu, bado hakijasomwa. Karatasi tunayoipenda kuliko zote ni orodha ya abiria ya baada ya katikati ya 1907. Kuanzia hapo fomu ilikuwa na safu ya jina na anwani ya ndugu aliyeachwa nyumbani, na safu nyingine ya mahali pa kuzaliwa. Angalia kwa makini: orodha hizo zinachukua kurasa mbili zinazotazamana. Jina, umri na kazi viko ukurasa wa kushoto. Ndugu atakayempokea, kimo, rangi ya macho na mahali pa kuzaliwa viko kulia. Watu wengi hupakua wa kushoto, wakaridhika, wakaacha kijiji kikiwabakia kwenye ukurasa ambao hawakuufungua. Kuna pia safu ya "taifa", ambapo Wamarekani waliweka makundi kama "Croatian and Slovenian" na "Dalmatian, Bosnian and Herzegovinian". Hapo ndipo yule "Mwaustria" wako anapojitokeza alivyo.

Usidhani wote walipandia bandari moja. Wengi walipitia Le Havre, Bremen au Hamburg, na wengine waliondokea nyumbani kabisa, bandari ya Fiume, ambayo leo ni Rijeka. Meli Carpathia ilikuwa njiani kutoka New York kuelekea bandari za Mediterania, Fiume ikiwemo, iliposikia wito wa Titanic usiku ule wa Aprili 1912. Mzee wa familia yenu akitaja Carpathia, msidhani amechanganya na filamu. Wakroatia wengi walisafiri nayo.

Karatasi nyingine zenye uzito ni maombi ya uraia wa Marekani. Yale ya baada ya Septemba 1906 yana tarehe na mahali pa kuzaliwa, jina la meli na majina ya watoto. Ya kabla ya hapo hayana mengi. Bibi huenda asiwe na jalada lake, kwa kuwa hadi 1922 mke alipata uraia kupitia mumewe. Wanaume waliozaliwa kati ya mwisho wa Aprili 1877 na Februari 1897 waliandikishwa na jeshi mwaka 1942 wakiwa wazee tayari, na kadi zile zinataja mahali pa kuzaliwa. Kuna pia vyama vya kufa na kuzikana. Wakroatia walianzisha chama kikubwa eneo la Pittsburgh mwaka 1894, ndicho kinachojulikana leo kama Croatian Fraternal Union, ili mtu akiangukiwa na chuma kiwandani mjane asibaki na deni la jeneza. Fomu za uanachama na madai ya rambirambi zilihitaji kujua mtu ametoka wapi na warithi wake ni nani. Muulize mama mkwe kama kuna kijitabu cha uanachama kwenye droo.

Kijiji kikipatikana, kazi yetu hasa ndipo inapoanza. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1563 uliagiza maparoko waandike ubatizo na ndoa, na baadhi ya madaftari ya Kroatia yanarudi nyuma hadi karne hiyo ya 16. Mengi yamepigwa picha na yanatazamwa bure kwenye tovuti ya FamilySearch. Mengine yako kwenye hifadhi za nyaraka za taifa Zagreb, Split, Zadar, Rijeka, Pazin na Dubrovnik. Ya karne ya 20 utayakuta zaidi kwa msajili wa serikali, ofisi inayoitwa matični ured. Lugha ni Kilatini, Kiitalia au Kikroatia kutegemea nani alitawala, na visiwa kama Krk vina kurasa za zamani zilizoandikwa kwa herufi za kale za Kislavoni ziitwazo Kiglagoliti. Joannes wa daftarini ni Ivan wa kijijini na John wa Pittsburgh. Georgius ni Jure, ambaye alikufa akiitwa George. Ukiona "8bris" ni Oktoba, si Agosti.

Daftari tunalolisaka kwanza ni stanje duša, orodha ya roho za parokia. Paroko alipita nyumba kwa nyumba akaandika kila kaya: baba, mke na kwao alikotoka, watoto na tarehe zao, wajukuu. Pembeni unakuta mara nyingine ameandika kwamba fulani yuko Amerika. Ukurasa mmoja wa namna hiyo unaweza kukuokolea miezi. Pia unaonyesha jina la utani la kaya, kwa sababu kijijini ambako nusu ya watu wana jina moja la ukoo, kaya hutambulishwa kwa jina la utani, na bila hilo ni rahisi kumfuata Ivan wa nyumba ya jirani hadi vizazi vinne nyuma.

Na vijiji navyo vina majina yanayorudiwa. Selca ipo Brač na ipo Hvar. Karani wa meli aliandika alivyosikia, kwa hiyo hatukubali kijiji kimoja kabla ya kuhakiki tarehe ya kuzaliwa na majina ya wazazi wote wawili.

Baadhi yenu mnaulizia kwa ajili ya uraia. Tangu 1 Januari 2020 sheria ya Kroatia imeondoa kikomo cha vizazi na mtihani wa lugha kwa wazao wa moja kwa moja wa wahamiaji, na wenzi wao wa ndoa pia wanaweza kuomba. Sisi tunakusanya na kutafsiri vyeti vinavyounganisha kizazi kwa kizazi. Maombi yenyewe unayapeleka ubalozini, na pale ambapo tahajia ya jina imebadilika kati ya cheti na cheti, jiandae kueleza kila badiliko. Nembo za ukoo zenye simba na taji hatuuzi, maana wengi wa wahamiaji hawa walikuwa wakulima na wavuvi, na historia yao ya kweli inatosha kutundikwa ukutani.

Kusoma karatasi ulizonazo na kukuambia kama zinatosha hatutozi. Tunatoza tukianza kufungua madaftari, tena kwa hatua, na hatuendi hatua inayofuata kabla hujaona picha za kurasa za hatua iliyopita. Majibu ya ofisi za Kroatia yana mwendo wake, yanaweza kuchukua wiki nyingi, kwa hiyo usitupe tarehe ya sherehe kama mwisho wa kazi.

Unapotutumia orodha ya abiria, tuma kurasa zote mbili nzima, usikate mstari wa babu peke yake. Majina ya juu na chini yake mara nyingi ni ya majirani wa kijiji kimoja waliosafiri pamoja, na pale ambapo karani alilivuruga jina la kijiji kwa babu yako, kwa jirani huenda aliliandika vizuri.